Mstari wa Juu wa Kadi

Picha iliingia kwenye simu ya Tatu Mhina saa nne asubuhi, akiwa barazani kwake Kilole anachambua mchele. Aliyeituma alikuwa Mwalimu Hosiana wa Kerenge, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa akimletea mitihani ya shule kuchapwa kila mwisho wa muhula. Chini ya picha ameandika: "Mama, basi letu limesimama Kabuku, nimeikuta hii kwenye duka la zawadi. Si ile mashine yako?"

Ilikuwa yake. Walikuwa wameipaka rangi ya dhahabu kuanzia miguu hadi gurudumu, wakaizungushia vibuyu na mikeka ya ukindu, lakini mtu hawezi kusahau mashine aliyoikanyaga miaka ishirini na sita. Marehemu mumewe, Mustapha, aliinunua kwa wamisionari waliokuwa wanafunga karakana yao, ikiwa kuukuu tayari. Haikutaka umeme. Unapanga herufi za risasi moja moja, unazibana ndani ya fremu ya chuma, unakanyaga kwa mguu, karatasi inatoka imechapwa. Risiti, mitihani, kadi za harusi, matangazo ya misiba: nusu ya Korogwe ilipita pale.

Tatu akaikuza picha kwa vidole viwili. Mdomoni mwa mashine fremu ilikuwa bado imo, imejaa herufi.

Hilo lilimshangaza. Herufi zao zilikuwa chache, na sheria ya karakana ilikuwa moja: ukimaliza kazi, unaifungua fremu na kurudisha kila herufi kwenye kijumba chake drooni. Fremu hailali na herufi. Akaisogeza picha karibu na macho. Herufi za chapa hukaa kinyume, kulia kwenda kushoto, na watu wengi wakiziangalia huona mikwaruzo tu. Tatu alizisoma kama mtu anavyosoma kibao cha duka. Katikati iliandikwa MUNIRA. Chini yake, KERIAKO.

Akaweka ungo chini.

Ilikuwa kadi ya harusi ya binti yake, kadi ambayo haikuchapwa. Munira aliipanga kwa mikono yake, akaiacha ndani ya mashine kusudi, na Tatu akaja kuiuza mashine bila kuifunua. Sasa kadi ilikuwa mbele ya macho yake, mistari midogo imefifia pichani, na mstari wa kwanza, wenye herufi kubwa kuliko zote, hauonekani kabisa. Mwenye duka alikuwa ametundika mkufu wa shanga juu yake kwa urembo.

Na kadi ya harusi haianzi na bibi harusi. Inaanza na mwenye shughuli: fulani wa mahali fulani anayo furaha kukualika. Jina hilo la juu ndilo linalowaambia watu kwamba huyu mtoto ana mwenyewe.

Miaka mitano nyuma Munira alimwambia mama yake kwamba anaolewa na Keriako, mfugaji wa upande wa Handeni. Tatu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Nimekusomesha mpaka diploma ukachote maji ya lambo pamoja na ng'ombe? Mimba ikikushika huko, mvua ikanyesha, utapita wapi?" Keriako alisilimu, akaitwa Khalidi kwa wiki mbili, kisha watu wote, shehe akiwemo, wakarudi kumwita Keriako. Haikusaidia. Siku moja Munira akasimama mlangoni mwa karakana akauliza, "Mama, kwenye kadi niandike jina la nani?"

Tatu alikuwa anajifuta wino. Hakuinua hata uso. "Andika la mwenye furaha. Mimi sina."

Munira hakubisha. Kesho yake Tatu akaenda Kerenge kupeleka risiti za chama cha wakulima, na aliporudi binti hayupo, karakana imefagiwa, mashine imefunikwa turubai lake. Harusi ilifanyika kwa baba mdogo wa Munira, Abdulaziz Mhina, nyumba nne kutoka kwa Tatu. Tatu alifunga dirisha, na dufu akazisikia vilevile. Tangu hapo hakuingia tena karakanani.

Mwaka uliofuata uchungu ulimshika Munira wakati masika yamekata njia. Alifariki kabla ya kuvushwa, yeye na mtoto. Na msibani, mbele ya wanawake wote, Tatu alisema, "Si nilisema?" Tangu siku hiyo amekuwa akilala na kuamka na maneno yale mawili.

Arobaini ilipopita akamwita dalali Iddy, akamwambia achukue mashine, madroo, kila kitu, na mnunuzi asimtajie ni nani. Alijifungia jikoni mpaka gari lilipoondoka.

Sasa alitaka kitu kimoja tu, kuusoma mstari wa juu. Ikiwa Munira aliandika TATU MHINA, basi siku ile, pamoja na yote aliyoambiwa, alikuwa bado anamngoja mama yake. Ikiwa aliandika ABDULAZIZ MHINA, alikuwa amekwisha kumfuta, na alikuwa na haki.

Akampa jirani mchele amalizie. Akatia mkobani kopo la wino lililobaki, kadi nyeupe chache, ufunguo wa kukazia fremu, kitambaa na chupa ndogo ya mafuta ya taa. Kabla ya adhuhuri alikuwa Kabuku.

Duka lilikuwa kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama abiria wanyooshe miguu. Ndani alikaa mwanamke wa makamo, hereni zimemfika mabegani, anatunga shanga bila kuangalia vidole vyake.

"Shikamoo mama. Karibu, kuangalia ni bure."

"Marahaba. Nimekuja kuiona mashine."

"Hiyo haiuzwi, mama. Ni ya kupigia picha. Elfu moja tu, na shuka nakuazima upendeze."

"Nimependeza hivihivi. Toa huo mkufu."

Mwanamke akacheka. "Eh! Mama hata hodi hapigi." Lakini akainuka, akautoa.

Chini ya mkufu hapakuwa na mstari. Palikuwa na pengo refu, limejazwa kipande cha boksi la sabuni kilichokunjwa ili herufi nyingine zisicheze.

Tatu akapitisha kidole kwenye lile boksi, kutoka mwisho mpaka mwisho. "Herufi za hapa ziko wapi?"

"Ziliuzwa." Mwanamke akaonyesha ubao uliojaa vishikio vya funguo, kila kimoja kina herufi ya risasi inaning'inia. "Watu wanapenda herufi ya jina lao. Kubwa za kwenye droo zilipoisha, nikachomoa hizo. Ndizo zilikuwa zinapendwa zaidi."

"Ulizisoma kabla ya kuzichomoa?"

"Nani anaweza kusoma hayo? Yameandikwa kichawi." Alikuwa bado anatabasamu. Halafu akamtazama Tatu vizuri, paji la uso, mdomo, mikono ile mipana, na tabasamu likamtoka taratibu. "Wewe ni mama yake."

"Mama yake nani?"

Mwanamke akauzungusha mkufu mkononi.

"Mama yake Munira," Tatu akasema.

Yule mwanamke akainamisha kichwa kama mtu aliyerushiwa jiwe. "Mama, nakuomba. Kwetu Wamaasai, aliyekwenda hatumwiti tena jina."

Akavuta kigoda akamkalisha. Akajitambulisha: anaitwa Nashipai, dada mkubwa wa Keriako. Na mashine ilinunuliwa na Keriako mwenyewe kupitia kwa Iddy, kwa mitamba minne.

"Akaishusha hapa. Akasema, 'Dada, nitunzie.' Nikamuuliza, chuma chote hiki cha nini? Kimya. Nimuulize ni cha nani? Kimya. Angesema ni cha mke wangu, ningeuliza kinatufaa nini, angeanza kunieleza, mwisho angefika kwenye jina. Kwa hiyo hakuanza. Akaondoka na ng'ombe kwenda Kiteto, miezi saba. Na mimi ni mfanyabiashara, mama. Kitu kikikaa dukani bila maelezo, mimi najua ni bidhaa."

"Na aliporudi?"

"Alikaa hapo hapo ulipokaa. Alilishika hilo pengo kama ulivyolishika wewe. Heri angenipiga. Akasema tu, 'Usichomoe nyingine.' Basi. Mpaka leo hajanieleza. Nimejiunganishia mwenyewe."

Tatu hakulia wala hakumtukana. Kazi ikiharibika, kwanza unaangalia kilichobaki. Jina la Abdulaziz lina Z, lake lina T. "Z umewahi kuuza?"

"Z? Ndiyo. Mama mmoja alimnunulia mkwewe, Zuhura."

"Na T?"

"T anayo shemeji yangu Tiampati, anaivaa shingoni."

"Hiyo Z ilitoka drooni au ilitoka humu?"

"Mama, sijui."

"Na hiyo T?"

"Nilikuwa nazitia zote kwenye bakuli moja. Nitajuaje?" Nashipai alikuwa sasa anakaribia kulia yeye. "Niulize bei ya kila kitu humu ndani, nitakutajia. Hilo usiniulize."

Tatu akarudi kwenye fremu akasoma mistari iliyosalia, kwa sauti, kidole kikitembea kutoka kulia. "Wa Kilole, Korogwe, anayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yake Munira..." Nashipai akageuza uso. "...na Keriako, itakayofanyika Kilole, tarehe." Baada ya tarehe palikuwa patupu.

"Binti yake," akarudia. "Ameandika binti yake." Kitu kikamwinuka kifuani, na kabla hakijafika mbali akatoa simu akampigia Abdulaziz, kwa kuwa hakutaka kujidanganya hata kwa dakika tano.

"Shemeji. Ile harusi mlichapa kadi?"

"Harusi ipi?"

"Ya Munira."

Katika miaka mitano Tatu hakuwahi kumtajia Abdulaziz harusi ile. "Kadi wapi! Tulipiga simu. Na wengine walikuja kwa harufu ya pilau."

"Hakukwambia kuna kadi ameipanga kwa jina lako?"

"Aliniomba nisimame nimwozeshe, nikasimama. Ya kadi hakunishirikisha. Kwani vipi?"

"Nimeiona. Jina la juu limepotea. Imeandikwa 'binti yake'."

"Haya, na si binti yangu? Mimi si baba yake mdogo? Nimemwita binti tangu yuko mgongoni kwako. Tatu, uko wapi? Mbona unahema hivyo?"

Akakata simu.

Nashipai alikuwa amesimama na simu yake mwenyewe mkononi, ameshampigia Keriako. Akasema maneno machache ya Kimaasai, akampa Tatu. Upande wa pili kulikuwa na upepo na njuga za ng'ombe.

"Mama, shikamoo."

Hawakuwa wameongea tangu msibani. "Marahaba. Keriako, mimi sijui kuzunguka. Ile kadi, juu aliandika jina la nani?"

Njuga zikalia, zikaacha.

"Nisamehe, mama."

"Sikukupigia unisamehe wala nikusamehe. Kama ni kumtaja yeye, usimtaje. Nitajie mimi tu. Ni jina langu?"

"Siku niliyokuja kumchukua, ulikuwa umekwenda Kerenge. Alinipeleka kwenye mashine. Akafunua turubai, akanishika mkono, akaniwekea kidole hapo juu, kwenye zile kubwa. Zilikuwa za baridi. Akasema, 'Hii tuiache hapa, itangoja.'"

"Halafu?"

"Halafu akafunika."

"Hukumuuliza imeandikwaje?"

"Mama, kinyume mimi sijui kusoma. Na nilikuwa na haraka, baba yake mdogo alikuwa anatungoja." Akamwita ng'ombe mmoja, akarudi kwenye simu. "Nilidhani nitaiona siku ikichapwa."

Tatu akarudisha simu. Mtu pekee aliyeona mstari ule ukiwa mzima aliugusa kwa kidole, na kidole hakikumwambia kitu.

Abiria wa basi la Tanga wakaingia, wakazungukazunguka, mmoja akapiga picha. Nashipai hakuwatoza. Walipotoka, Tatu akauliza, "Herufi ndogo bado zipo drooni?"

Zilikuwepo, kwani hakuna aliyezitaka. Nashipai akavuta madroo mawili akayaweka chini, na Tatu akachuchumaa. Miaka mitano hakugusa herufi, lakini vidole vilijua kila kijumba. Akatoa boksi la sabuni kwenye pengo. Akapanga T, akapanga A, akapanga T, akapanga U. Akaweka nafasi. Akapanga MHINA. Huku na huku akajaza vipande vya risasi tupu mpaka mstari ukatosha, akaingiza ufunguo, akakaza.

Ilikuwa na herufi ndogo kuliko inavyostahili, lakini ilikaa sawa, katikati. Tatu Mhina wa Kilole, Korogwe, anayo furaha kukualika kwenye harusi ya binti yake.

"Imekaa," Nashipai akasema kwa sauti ndogo. "Kama haikutoka."

"Jina lolote litakaa. Ukijaza risasi tupu pembeni, hata la kwako lingekaa."

"Lakini mama, nani atajua?"

Tatu akaitazama fremu. Aliiona kadi ikiwa ukutani kwake, ndani ya kioo. Aliwaona wanawake wa Kilole, walewale wa msibani, wanaisogelea na kusema, kumbe. Aliwaona wanamwangalia kwa macho mengine. Alijiona na yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza anajua ameiandika mwenyewe, mwaka wa tatu anaanza kusahau, mwaka wa kumi anaapa kwamba ndivyo alivyoikuta.

Akachomeka ufunguo akalegeza.

"Mama, unafanya nini?"

"Aliniuliza nikakataa. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa mdomo wake." Alikuwa anaitoa A, anaitoa T. "Siwezi kujiandika sasa wakati hayupo wa kukataa."

Akarudisha kila herufi kwenye kijumba chake, bila kukosea hata moja. Kwenye pengo akaweka risasi tupu, nyororo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akakaza kwa nguvu zake zote ili pasije pakachomolewa tena kitu.

Mashine isingeweza kuchapa, roli zake zilikuwa zimekauka na kupasuka, na rangi ya dhahabu imeziba viungio. Lakini kadi moja moja hupatikana kwa mkono. Tatu akasokota kitambaa, akachovya wino, akazigongagonga herufi taratibu. Akalaza kadi nyeupe juu yake. Akamwomba Nashipai kijiko, na kwa mgongo wa kijiko akasugua, mstari kwa mstari, kuanzia chini. Alipofika juu mkono ulisugua vilevile, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Akaibandua.

Jina la Munira lilikuwa jeusi, limezama kidogo kwenye karatasi jinsi herufi za risasi zinavyozama, mtu angeweza kulisoma gizani kwa kidole. Nashipai akaliangalia mara hii, hakugeuka. Lilikuwa limenyooka sasa, na yeye alijua kusoma. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka.

Tatu akatoa ya pili. "Hii ya Keriako. Usiikunje, na usiiweke juani. Wino huu haukauki leo."

"Akiniuliza," Nashipai akasema, akiipokea kwa mikono miwili, "mwenye shughuli ni nani, nimwambie nini?"

Tatu akafungua mdomo. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu la kumpa mtu, na mengi kati ya hayo angeyalipia sasa yarudi. Alisimama hivyo, mdomo wazi, mpaka Nashipai akamshika bega akasema, "Basi, mama. Basi."

Akamsindikiza mpaka barabarani, akambebea mkoba na chupa ya mafuta ya taa. Gari la kwenda Segera lilichelewa. Kadi ilikuwa mbichi, haiwezi kuingia mkobani wala kuguswa usoni, kwa hiyo Tatu aliishika kingo zake kwa vidole vya mikono yote miwili, imelala bapa mbele yake kama sinia. Malori yakapita na vumbi lake. Machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakafika kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Akarudisha kichwa nyuma yasije yakadondokea kadi.

Nashipai akasogea, akachukua ncha ya shuka lake, akamfuta uso.